Chama cha kitaaluma cha usalama na ulinzi wa kibaiolojia: maana yake

Chama cha kitaaluma cha usalama na ulinzi wa kibaiolojia ni umoja wa hiari wa watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba vimelea vya magonjwa vinavyoshughulikiwa maabara havimdhuru anayevishika, havitoki nje kwa bahati mbaya, wala haviingii mikononi mwa mtu mwenye nia ovu. Mambo mawili ya mwanzo ndiyo usalama, na la tatu ndilo ulinzi. Glavu na kabati lenye kichujio cha hewa ni habari ya usalama. Kufuli la friji ya sampuli, pamoja na daftari linaloonyesha nani alichukua chupa ipi na saa ngapi, ni habari ya ulinzi.

Chama hiki kisichanganywe na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ndilo linalowasajili wataalamu hao nchini Tanzania. Wala si chama cha wafanyakazi, ambacho shughuli yake ni kutetea maslahi kazini. Katika chama cha kitaaluma mtu hujiunga kwa ridhaa yake, hulipa ada, huhudhuria mafunzo na mikutano, na kupitia chama hicho hutoa maoni pale miongozo ya kitaifa inapoandaliwa.

Mwanzo wake ulikuwa wa siri. Mwaka 1955 wataalamu wachache wa usalama kutoka maabara za kijeshi za Marekani walikutana Camp Detrick, Maryland, ili kuelezana ajali na maradhi yaliyowapata wafanyakazi wao. Mikutano hiyo iliendelea mwaka hadi mwaka, ikafunguliwa kwa watu wengine, na mwaka 1984 ikazaa chama rasmi cha Marekani, ABSA. Cha Ulaya, EBSA, kilifuata mwaka 1996. Leo lipo shirikisho la kimataifa, IFBA, linalounganisha vyama vya nchi na kanda, Afrika ikiwemo, na linalotoa vyeti vya umahiri kwa njia ya mtihani.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, faida kubwa ya chama haimo katika cheti. Afisa wa usalama wa kibaiolojia kwa kawaida huwa peke yake mahali pa kazi, na mara nyingi ni mtaalamu wa maabara aliyeongezewa jukumu hilo juu ya kazi zake nyingine. Akisema kazi isimame, wenzake humwona mkwamishaji, na hana wa kumuuliza kama amekosea au yuko sahihi.

Nililiona hili kwa macho yangu katika maabara moja mjini Moshi, mwezi wa Februari, joto likiwa kali. Feni ilikuwa imewekwa mezani, hatua mbili kutoka kwenye kabati linalotumika kufungulia makohozi ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Kabati la aina hiyo huvuta hewa kupitia uwazi wa mbele kwa mwendo mdogo tu, karibu nusu mita kwa sekunde, kiasi kwamba upepo wa feni, au hata wa mtu anayepita haraka nyuma yako, unatosha kuuvuruga. Afisa alikwisha kuomba mara mbili kwamba feni iondolewe, naye alijibiwa kuwa watu wanaumia na joto, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Safari ya tatu alimwita mwenzake wa Arusha, waliyejuana katika mafunzo ya chama. Mgeni huyo hakuhutubia. Alishika kijiti kinachotoa moshi mbele ya uwazi wa kabati, feni ikiwa inazunguka, na sote tukauona moshi ukipinda, ukitoka nje na kupanda usawa wa uso wa aliyekuwa amekaa hapo. Feni ikazimwa, kijiti kikashikwa palepale, na moshi wote ukaingia ndani. Jioni ile waliketi wawili hao kumwandikia msimamizi barua ya kuomba kiyoyozi, wakiijadili sentensi baada ya sentensi, pamoja na mahali ambapo kingefungwa ili upepo wake usilifikie kabati.