Je, wajua ni kwa nini mchezo wa South Park hautofautiani hata kidogo na katuni yake?

Mwezi Machi 2014 ulitoka mchezo wa video uitwao South Park: The Stick of Truth, uliotokana na katuni ya televisheni ya South Park, ambao ndani yake mchezaji ni mtoto mgeni aliyehamia mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, na kujikuta katikati ya vita vya kuwaziwa baina ya watoto wa mtaa. Kundi moja linaongozwa na Cartman aliyejivika joho la mchawi, la pili linaongozwa na Kyle na kujifanya viumbe wa msituni wenye masikio yaliyochongoka, na yote mawili yanagombea kijiti ambacho, kwa mujibu wa sheria walizojitungia, humpa mwenye kukishika mamlaka juu ya ulimwengu mzima. Anayeutazama ukichezwa na mtu mwingine anaweza kukaa muda mrefu akidhani anatazama kipindi cha televisheni. Swali linalofuata ni la kawaida: ulifanana vipi kiasi hicho? Jibu la haraka nalo ni la kawaida: picha za South Park ni za kitoto, ni karatasi zilizokatwa na kubandikwa, kwa hiyo kuziigiza hakuhitaji ufundi wowote. Jibu hilo si sahihi, na halikosei mahali pamoja tu.

Kosa la kwanza linahusu katuni yenyewe. Dhana kwamba South Park hutengenezwa kwa karatasi ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Waasisi wake, Trey Parker na Matt Stone, walianza kweli na mkasi: walikata vipande vya karatasi za rangi, wakavipanga mezani, wakapiga picha, wakavisogeza kidogo, wakapiga tena. Filamu zao fupi za 1992 na 1995 zilitengenezwa hivyo, na kwa sehemu kubwa vivyo hivyo kipindi cha kwanza kilichorushwa na kituo cha Comedy Central tarehe 13 Agosti 1997. Kipindi hicho kimoja kilichukua takriban miezi mitatu kukamilika, na hakuna kituo cha televisheni kinachoweza kuendesha mfululizo kwa mwendo huo. Karatasi ikawekwa kando mapema kabisa, na tangu hapo watazamaji wamekuwa wakitazama kazi ya kompyuta inayojifanya karatasi.

Tena si kompyuta ya kubahatisha. Timu ilianza na mashine za Silicon Graphics zikiendesha programu ya PowerAnimator, ambayo ni miongoni mwa zana zilizotumika kuwaundia dinosaria wa Jurassic Park miili yao mwaka 1993, na baadaye ikahamia Maya, programu ambayo studio kubwa za filamu hutumia kwa mazimwi, meli zinazozama na ngozi zinazotoa jasho. Zana hizi zilibuniwa ili kitu kisichokuwepo kionekane kina unene, uzito na mwanga wa kweli. South Park huzitumia kinyume: mtoto mnene mwenye kofia ya buluu aonekane hana unene wowote, nyuzinyuzi za karatasi zionekane kwenye koti lake, na anapotembea arukeruke kana kwamba kuna mkono usioonekana unaomsogeza mezani. Ugumu wa mwendo ule, ambao wengi huuona kuwa uzembe, huwekwa kwa makusudi. Faida iliyopatikana ni kasi, kwa kuwa kipindi kizima sasa huweza kuandikwa, kuchorwa na kurekodiwa ndani ya muda usiofika wiki moja.

Hapo ndipo kosa la pili linapojitokeza, lile la kudhani kwamba kitu bapa ni kitu rahisi. Programu za uhuishaji za aina hii na injini nyingi za michezo ya kisasa, yaani programu-msingi zinazoiendesha michezo hiyo, hufikiri kwa vipimo vitatu: upana, urefu na kina. Hakuna karatasi humo. Kuna nafasi tupu, kuna vitu vilivyowekwa ndani yake, na kuna kamera inayoitazama nafasi hiyo. Mhusika bapa lazima aundwe kwa vipande vinavyoelea katika kina hicho, na vipande hivyo vina ukaidi wake.

Fikiria vioo vitano vya dirisha vilivyosimamishwa wima, kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja kimebandikwa kipande kimoja tu cha mwili wa mtoto. Cha nyuma kabisa kina kiwiliwili, kinachofuata kina kichwa, kisha macho, kisha mdomo, na cha mbele kina kofia. Ukisimama mbele yake sawasawa unaona mtoto mmoja aliyekamilika. Ukisogea hatua moja kushoto, macho yanateleza kuelekea sikioni na kofia inaning'inia hewani. Dawa inayomjia mtu kwanza ni kuvibana vioo vyote vigusane, lakini kompyuta hailipendi jambo hilo hata kidogo: vitu viwili vikiwa katika kina kilekile haiwezi kuamua kipi kiko mbele, kwa hiyo jicho na shavu huanza kupokezana nafasi katika kila fremu, na mtazamaji huona uso unaometameta kama taa mbovu. Vioo basi huachiwa pengo dogo mno, la kutosha tu kompyuta ijue mpangilio, kisha kamera nayo huwekwa ili isipunguze ukubwa wa kilicho mbali wala kuongeza cha karibu. Kamera ya namna hiyo, ikitazama kutoka mbele, haitambui pengo lolote hata likiwepo.

Na mtoto akitaka kugeuka? Vioo havizungushwi, kwa sababu kioo kikigeuzwa ubavu hubaki mstari mwembamba usio na sura. Kinachofanyika ni kuiondoa seti yote na kuweka nyingine iliyochorwa mtoto huyohuyo akitazama upande. Akizungumza, ni kioo cha mdomo pekee kinachobadilishwa, kutoka mdomo wa herufi moja hadi wa herufi nyingine, huku uso wote ukiwa umetulia tuli. Kwa maneno mengine, mhusika wa South Park ni rundo la vioo pamoja na orodha ya vioo vya akiba.

Katika televisheni rundo hilo lina bahati moja kubwa: kamera hukaa pale mchoraji alipoiweka. Kama kofia imekaa vibaya katika tukio fulani, inasogezwa kwa tukio hilo tu, na hakuna atakayejua. Mchezo hauna anasa hiyo. Mchezaji ndiye anayeamua asimame wapi, atazame upande gani, amvamie nani, na picha lazima ichorwe papo hapo, mara nyingi kwa sekunde, bila mchoraji wa kuokoa jahazi. Zaidi ya hapo, shujaa wa The Stick of Truth huvikwa na mchezaji mwenyewe nywele, ndevu, miwani, kofia, joho na silaha za kila aina, kwa mchanganyiko wowote anaoutaka, na kila kimoja kinahitaji kujua kikae mbele ya kipi na nyuma ya kipi. Hata kumgeuza mhusika kutoka kulia kwenda kushoto kuna mtego wake, kwani njia ya mkato ni kuigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, na hapo upanga uliokuwa mkono wa kulia huhamia wa kushoto bila mtu kuushika.

Kwa hiyo kufanana kule hakukutokana na wepesi wa picha. Kulitokana na ukweli kwamba katuni tayari ilikuwa ikiundwa ndani ya nafasi ya vipimo vitatu kwa vipande bapa, na kwamba waliotengeneza mchezo walikubali kufuata masharti yaleyale hata pale mashine ilipowapa zaidi. Hii haina maana kwamba faili za televisheni zingeweza kutiwa tu kwenye mchezo zikafanya kazi, kwa kuwa faili iliyotengenezwa ili izae picha moja nzuri kwa kusubiriwa haifai kwa kitu kinachopaswa kujibu kitufe mara moja. Ni maana ya kwamba pande zote mbili zilikuwa zikitatua tatizo la jamii moja.

Historia ya utengenezaji wenyewe haihitaji kurefushwa. Kazi ilifanywa na studio ya Obsidian Entertainment, iliyojulikana kwa michezo mizito kama Fallout: New Vegas ya 2010, ikishirikiana na South Park Digital Studios, huku Parker na Stone wakiandika hadithi na kutoa sauti, wakitaja michezo ya zamani kama EarthBound na Paper Mario kuwa mfano wao. Mchapishaji wa kwanza, THQ, alifilisika, na mwanzoni mwa 2013 kampuni ya Ubisoft ikanunua haki za mchezo huo kwa takriban dola milioni 3.3.

Lenye kuvutia zaidi ni mji. Katika televisheni, mji wa South Park ulikuwa mahali pa kufikirika kwa maana kamili: nyumba ya fulani ilikuwa jirani na shule au mbali nayo kulingana na mzaha wa wiki hiyo. Mchezo hauvumilii jiografia ya aina hiyo, kwa sababu mchezaji hutembea kwa miguu kutoka mlango hadi mlango na huona kila kitu kilichopo njiani. Ikabidi baada ya miaka mingi ya kurushwa hewani waundaji wakae na kuamua barabara ipi inapita wapi. Mji ukapata ramani kwa sababu ya mchezo, jambo ambalo vipindi vyote vilivyotangulia havikuwahi kulihitaji.

Ushahidi kwamba njia nyingine ilikuwepo unapatikana mwaka 1998, pale kampuni ya Acclaim ilipotoa mchezo wa South Park kwa mashine ya Nintendo 64. Huo ulitumia injini ya michezo ya Turok, iliyobuniwa kwa ajili ya kuwinda dinosaria, na watoto wakapewa miili ya duara yenye kina halisi. Haukupendwa sana. Itakuwa si haki kuubebesha umbo la wahusika lawama yote, kwani mashine za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo na uchezaji wenyewe ulikuwa na kasoro zake. Hata hivyo, wahusika wale walifanana zaidi na wanasesere wa South Park kuliko na wahusika wa katuni.

The Stick of Truth wenyewe ulionyesha kwamba ubapa ulikuwa uamuzi. Hadithi inapomfikisha mchezaji Kanada, picha hubadilika ghafla na kuwa za viboksi vikubwa vinavyotazamwa kutoka juu, kwa mtindo wa michezo ya miaka ya 1980, na muziki nao hubadilika. Nchi nzima imefanyiwa mzaha kwa kunyimwa teknolojia. Mchezo uliofuata, South Park: The Fractured But Whole wa Oktoba 2017, ulitengenezwa na Ubisoft San Francisco kwa injini ya Snowdrop, ileile iliyokuwa imetumika mwaka uliotangulia kuchora barabara za New York zilizofunikwa theluji katika mchezo wa The Division kwa uhalisia wa kutisha. Ikapewa kazi ya kuchora watoto wa karatasi, na ikaifanya.

Ubapa uliachwa mwezi Machi 2024, katika South Park: Snow Day!, mchezo wa studio ya Question ambao hadi wachezaji wanne huweza kupigana upande mmoja. Humo kamera hukaa nyuma ya mgongo wa mhusika na kumzunguka anavyotaka mchezaji, na mara kamera inaporuhusiwa kuzunguka, rundo la vioo haliwezi tena kusimama: wahusika wakarudishiwa unene waliokuwa nao mwaka 1998.