Vibanzi vya mbao, na kwa nini hupimwa bila maji

Kibanzi wengi tunakijua kwa kile cha kwenye jicho la ndugu, kinachoonekana upesi kuliko boriti. Ukiagiza vibanzi hotelini Kenya, unaletewa viazi. Kwenye biashara ya karatasi, kibanzi ni kipande cha mti kilichokatwa kwa mashine, urefu wa sentimita 2 hadi 3, unene wa milimita chache.

Karatasi ni nyuzi za mti, nazo ndani ya mti zimegandana kwa gundi ya asili iitwayo lignini. Kiwandani gundi hiyo huyeyushwa kwa kuvipika vibanzi na dawa kali, kwenye joto la sentigredi 160 na kitu. Ukichanganya mihogo minene na membamba chungu kimoja unajua kitakachotokea: mmoja umerojeka, mwingine bado una kiini. Ndiyo maana vibanzi huchekechwa, vinene vikarudishwa kukatwa, vumbi likatolewa. Na gogo humenywa gamba kwanza, maana gamba huchafua rojo ya karatasi.

Anayeongoza duniani kwa kuuza vibanzi nje ni Vietnam. Meli hupakia kwenye bandari kama Quy Nhon na Dung Quat, zikaelekea zaidi China na Japani. Mti wenyewe ni akasia, jamaa ya miwati ya Njombe, na sehemu kubwa hupandwa na kaya zenye hekta moja au mbili tu. Huvunwa ukiwa na miaka 4 hadi 6. Ukiachwa ufike 10 au zaidi unafaa kupasuliwa mbao za samani na bei yake hupanda, lakini mwenye shamba ana mkopo na ada za watoto, na kimbunga kimoja chaweza kulaza shamba zima. Wanaomlaumu kwa kukata mapema sijui kama wamewahi kungoja miaka 10 bila mshahara.

Sasa mizani. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na mnunuzi wa ng'ambo halipii maji. Kwa hiyo vibanzi huuzwa kwa tani kavu kabisa: sampuli hutolewa kwenye shehena, ikapimwa, ikakaushwa kwenye tanuri la sentigredi 105 mpaka uzito ugome kushuka, ikapimwa tena. Shehena ya tani 40,000 ikionekana nusu yake ni maji, ankara huandikwa tani 20,000. Zikishapikwa, rojo kavu inayopatikana ni kama nusu ya hizo.

Mkulima naye, kwenye geti la kinu cha vibanzi, kwa kawaida hulipwa kwa tani mbichi. Magogo yake yakikaa juani wiki nzima yakingoja lori, uzito unashuka na pesa yake inashuka nao. Anayeviuza vibanzi ng'ambo, kwa kuwa hulipwa kwa tani kavu, hapungukiwi hata senti kwa maji yale yaliyokauka.