Kamera ya Mbao Isiyo na Jina: Lenzi Iache Mwisho

Wanaonitumia picha za kamera kuukuu ya mbao isiyo na nembo, karibu wote huielekeza simu kwenye lenzi, kwa kuwa ndiyo yenye maandishi. Maandishi hayo humtaja aliyetengeneza lenzi tu. Kibao kinachoibeba huchomolewa mara moja, na wapiga picha walihamisha lenzi kutoka kamera moja hadi nyingine kadiri kazi ilivyodai, hivyo si ajabu kuikuta lenzi ya Dallmeyer, mtengenezaji wa London, kwenye kamera ya Kijerumani.

Kinachonielekeza kwenye nchi kamera ilikotengenezwa ni kipimo. Pima kwa rula ya chuma nafasi ya nyuma inayopokea kioo cha picha, yaani kioo kilichopakwa dawa kilichotumika badala ya filamu. Milimita 165 kwa 216 ni inchi 6½ kwa 8½, kipimo cha Waingereza. Sentimita 18 kwa 24 ni cha Ulaya bara. Inchi 8 kwa 10 kwa kawaida ni cha Marekani. Futi ya fundi cherehani haifai hapa, kwa sababu sentimita 13 kwa 18 za Ulaya zimepishana na inchi 5 kwa 7 za Wamarekani kwa milimita 3 upande mmoja na 2 upande wa pili.

Kisha tazama inavyofunguka. Kamera nyingi za Kiingereza za safari hufuata muundo wa George Hare wa mwaka 1882: sehemu ya mbele husogezwa kwa gurudumu la meno, mvukuto wa ngozi (mfuko wa mikunjo unaounganisha mbele na nyuma) hupungua upana kuelekea kwenye lenzi, na kwenye ubao wa chini mara nyingi kuna duara la shaba ambamo miguu mitatu ya stendi hupachikwa moja kwa moja. Kamera za Kijerumani za safari, ambazo nyingi zilitengenezwa katika mji wa Görlitz, aghalabu zina mvukuto wa mraba, na sehemu ya nyuma ndiyo husogezwa. Pembe zilizokazwa kwa vipande vya shaba ni dalili ya Uingereza pia: watengenezaji wa huko waliviongeza kwa malipo ya ziada, kwa ajili ya wateja wa nchi za joto na unyevu, ambako gundi huachia.

Kuhusu umri, skrubu za nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo ukiziona kwenye kamera ya miaka ya 1890, ujue imepita mikononi mwa fundi. Madoa meusi ya nitrati ya fedha ndani ya kasha la kioo huashiria upigaji wa vioo vibichi, yaani vilivyotumika dawa ikiwa bado imelowa, ambao vioo vikavu vilivyotayarishwa mapema viliuondoa sokoni kuanzia takriban mwaka 1880.

Ukosefu wa jina nao una sababu yake. Karakana nyingi ziliuzia maduka, na duka likapigilia kibati chake cha jina; tafuta vitundu viwili vya misumari na mstatili wa mbao yenye rangi tofauti. Hata kibati kikiwepo, huenda kinamtaja muuzaji tu. Ndiyo maana mimi huandika nchi, kipimo na muongo, na jina la mtengenezaji huliacha wazi. Kabla ya kuandika hayo, hukagua kingo za ndani za fremu, ambako mafundi waligonga namba ileile kwenye kila kipande cha kamera moja: namba zikipishana, basi sehemu ya nyuma niliyoipima huenda ni ya kamera nyingine.