Daktari mtafiti wa wagonjwa mahututi wa ubongo: kazi yake hasa ni ipi?

Mwendesha boda boda aliyegongwa Changamwe, Mombasa, bila kofia hufika hospitali ubongo wake ukiwa umeshaumia, na hakuna daktari awezaye kuufuta ule mshindo. Hilo ni jeraha la kwanza. Jeraha la pili huja saa na siku zinazofuata: ubongo unavimba, damu inavilia, presha inashuka, hewa inapungua, homa inapanda, na seli zilizosalimika kwenye ajali zinakufa kwa kukosa oksijeni. Tiba ya wagonjwa mahututi wa ubongo ipo kwa ajili ya hilo jeraha la pili. Kazi ya daktari wake si kupasua, ingawa yeye na mpasuaji hawaachani. Wagonjwa wake ni walioumia kichwa, waliopigwa na kiharusi kikubwa, waliovuja damu ndani ya fuvu, wenye kifafa kisichokatika, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani.

Ukitaka kumwelewa, anza na hesabu yake. Fuvu la mtu mzima ni kifuu cha nazi, halitanuki. Ndani yake ubongo huchukua takriban asilimia 80 ya nafasi, damu 10, na maji ya ubongo 10. Kimoja kikizidi, vingine sharti vipungue. Visipopungua, presha ya fuvu hupanda. Mtu mzima mwenye afya huwa na presha ya milimita 7 hadi 15 za zebaki. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation, shirika la Marekani, wa mwaka 2016 kwa walioumia kichwa vibaya unataka matibabu yaanze inapopita 22. Sasa, damu inayoingia kichwani lazima iishinde presha hiyo, kwa hiyo chukua wastani wa presha ya damu ya mwili, utoe presha ya fuvu. Wastani ukiwa 85 na fuvu 20, imebaki 65, na hapo ni pazuri, maana lengo ni 60 hadi 70. Lakini mguu uliovunjika ukiendelea kuvuja damu hadi wastani ushuke kwenye 60, imebaki 40 tu. Ubongo unakosa damu, na chanzo kiko pajani.

Ndiyo maana mambo madogo ya kitandani yana uzito kuliko dawa nyingi. Kichwa huinuliwa nyuzi 30, shingo ikinyooka, isielekee upande. Kola ya shingo na utepe unaoshikilia bomba la hewa havikazwi, kwa sababu vikiibana mishipa ya shingo, damu haishuki kutoka kichwani. Hewa ya kaboni dioksidi kwenye damu hulengwa milimita 35 hadi 45 za zebaki, na hapa ndipo safari huharibu mengi. Muuguzi aliye ndani ya ambulensi iliyokwama kwenye foleni ya feri Likoni, akibana mfuko wa hewa kwa mkono, mara nyingi hubana haraka kuliko anavyodhani, kwa wasiwasi wake. Kaboni dioksidi inashuka, mishipa ya ubongo inasinyaa, damu inapungua kichwani. Mtu mzima anatosha pumzi moja kila sekunde 6. Kuhesabu kwa sauti husaidia.

Kiwango cha fahamu hupimwa kwa alama walizotunga Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974; leo huhesabiwa macho hadi 4, maneno hadi 5, mwendo wa viungo hadi 6. Jumla ya juu ni 15, ya chini kabisa ni 3, na anayefika 8 au chini kwa kawaida huwekewa bomba la hewa. Kosa la kila siku ni kuandika jumla peke yake. “10” haisemi kama mgonjwa anashindwa kuongea au anashindwa kuinua mkono, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kosa jingine ni la lugha. Mzee wa Kigiriama akiulizwa kwa Kiingereza ni mwezi gani, akijibu jambo jingine, huandikiwa maneno 4, amechanganyikiwa. Aulizwe kwa Kigiriama, huenda ni 5. Kwa watoto wadogo wenye malaria ya ubongo kuna kipimo cha Blantyre, kilichotokea Malawi, chenye alama 0 hadi 5.

Hadi hapo ni tabibu tu. Utafiti unaanza pale anaposhuku yale ambayo kila mtu anayaona dhahiri, na fani hii ina sababu nzuri ya kushuku. Kwa miongo kadhaa walioumia kichwa walidungwa steroidi ili kupunguza uvimbe. Utafiti ulioitwa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004, ulisimamishwa kabla ya wakati baada ya kuandikisha wagonjwa 10,008: ndani ya wiki mbili walikufa takriban 21 katika kila 100 waliopewa dawa, na 18 kati ya wasiopewa. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliomiminiwa dripu ya haraka walikufa zaidi kuliko waliopewa maji taratibu. Wengi hawakutaka kuamini, na baadhi bado wanabishana.

Kwa hospitali isiyo na kifaa cha kupima presha ndani ya fuvu, utafiti wa kusoma kwanza ni ule wa Bolivia na Ecuador wa mwaka 2012. Wagonjwa 324 waligawanywa: wengine wakatibiwa kwa kufuata kipimo, wengine kwa kufuata picha za CT na uchunguzi wa mwili. Matokeo hayakutofautiana. Usiusome vibaya: haukusema presha haina maana. Makundi yote mawili yalitibiwa kwa bidii. Kilicholinganishwa ni njia mbili za kuijua.

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu. Baada ya shahada ya udaktari na mwaka wa mazoezi, husomea ubingwa wa usingizi, magonjwa ya ndani, watoto au upasuaji, kisha mafunzo ya ziada ya ubongo mahututi, mara nyingi nje ya nchi; Marekani kwa kawaida ni miaka 2. Takwimu lazima azijue mwenyewe, asitegemee wa kuazima. Aliye Mombasa ana bahati ya jirani: kituo cha KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, kilichopo Kilifi tangu 1989, kilichochunguza malaria ya ubongo kwa undani. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuna kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na kama ni jaribio la dawa, Bodi ya Dawa na Sumu. Halafu kuna suala la idhini: mgonjwa hana fahamu, na dawa nyingine zinatakiwa ndani ya saa 3. Kamati ikikubali, jamaa huulizwa kwa ufupi au idhini huchukuliwa baadaye, na mgonjwa akizinduka huulizwa yeye.

Kinachozivunja tafiti nyingi ni kumfuatilia mgonjwa hadi miezi 6 baada ya kuumia. Kuhesabu waliokufa hakutoshi. Katika utafiti wa RESCUEicp wa 2016, kufungua fuvu ili kushusha presha kulipunguza vifo kutoka karibu 49 hadi 27 katika kila 100, lakini walioongezeka kati ya waliobaki hai ni pamoja na wasiojitambua kabisa. Kwa hiyo mgonjwa hutafutwa baada ya miezi 6, aulizwe kama anajilisha, anakwenda dukani peke yake, amerudi kazini. Wakati huo laini ya simu imebadilishwa na yeye amerudi kwao Kaloleni au Lunga Lunga. Fomu ya siku ya kwanza ichukue namba tatu: ya mgonjwa, ya jamaa anayekaa naye, na ya mtu wa kijijini asiyehama, kama mzee wa mtaa. Zipigwe hapo hapo kitandani, zikiwa bado zinapokelewa.