Kukabidhi kichanga Marekani: maswali ambayo dada zetu wanauliza kwa sauti ya chini

Haya nayajibu kwa ajili ya wadada wa Kiswahili walioko huku Marekani, maana wengi wamekulia nyumbani, ambako tunajua sote kwamba mtoto akiokotwa kichakani polisi wanaanza kumtafuta mama, kwa hiyo hata huku akijifungua kwa siri anaogopa kumsogelea mtu yeyote.

Nimejifungua na siwezi kumlea mtoto. Nikimpeleka hospitali si nitafungwa?

Hapana dada. Kutupa mtoto na kukabidhi mtoto ni vitu viwili tofauti kabisa kisheria. Texas ndio walianza na sheria hii ya kumruhusu mzazi kukabidhi kichanga mwaka 1999, kufika 2008 majimbo yote 50 yalikuwa nayo. Ukimkabidhi mahali panapotambuliwa, ndani ya siku zilizowekwa, na mtoto hana dalili za kuumizwa, hushtakiwi kwa kumtelekeza. Na kwa kawaida hulazimishwi kutaja jina lako.

Siku ngapi?

Inategemea uko jimbo gani. California ni saa 72 tu, New York na Illinois siku 30, Texas siku 60, North Dakota mpaka mwaka mzima. Nebraska walipoanza 2008 hawakuweka umri, basi wazazi wakawa wanaleta mpaka matineja, baba mmoja aliacha watoto tisa kwa mpigo hospitalini Omaha, Novemba mwaka huohuo wakabadilisha, kwa wakati ule ikawa siku 30. Mimi hiyo stori huwa inaniuma, inaonyesha watu wangapi walikuwa wamelemewa na hawana pa kukimbilia.

Naenda wapi sasa?

Hospitali, nenda emajensi, yaani kitengo cha dharura. Majimbo mengi yanakubali pia kituo cha zimamoto, mengine polisi. Mpe mtu mkononi, usimwache mlangoni ukaondoka, kichanga anapoteza joto haraka sana. Kuna majimbo yameweka visanduku maalumu ukutani, Indiana walikiweka cha kwanza Woodburn mwaka 2016, ndani kuna joto na ukifunga mlango alamu inawaita wahudumu.

Na mimi niliyezaa peke yangu bafuni?

Hapa naomba usome polepole, maana kila mtu anamuwaza mtoto na mama anasahaulika, wakati na wewe ni mgonjwa. Kama pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, au kondo la nyuma halijatoka na nusu saa imepita, au unaona kizunguzungu, piga 911, namba ya dharura ya huku, sasa hivi, hiyo damu inaua na inaua haraka. Siku zinazofuata ukipata homa, uchafu unaonuka, au kichwa kinauma vibaya na macho yanaona ukungu, rudi hospitali hata kama ni wiki ya tatu, presha ya uzazi inaweza kuja baada ya kuzaa. Huna bima? Huna karatasi za kuishi huku? Tangu 1986 kuna sheria inayozilazimisha emajensi za hospitali kukupima na kukutibu mpaka hali yako itulie kwanza, hela baadaye.

Wakati unasubiri msaada mfute mtoto akauke, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike na kichwa pia, uso ubaki wazi. Kitovu usikikate kwa wembe wala mkasi wa jikoni, kiache hivyohivyo.

Wataniuliza nini?

Mara nyingi wanakupa fomu ya historia ya afya: sickle cell (selimundu) kwenye ukoo, presha, dawa ulizotumia. Si lazima ujaze, lakini kama unaweza jaza tafadhali, daktari wa mtoto hatakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Nikijuta je?

California wanakupa siku 14 za kumrudia, na mtoto anavalishwa bangili yenye namba, na wewe unapewa ya kufanana nayo. Majimbo mengine yana utaratibu wao, kwa hiyo uliza palepale kabla hujatoka, na hiyo bangili usiitupe.