Dhana potofu kuhusu watu wasio na makazi Dodoma, na ukweli ambao anayetoa anapaswa kuujua

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, majengo yameongezeka, barabara zimepanuliwa na kodi za vyumba zimepanda. Hata hivyo, yeyote anayepita Majengo, Jamatini au Sabasaba baada ya maduka kufungwa huwaona watu wakitandika maboksi vibarazani, kila mmoja mahali pake palipozoeleka. Wakazi wengi wa jiji hili si wachoyo. Sadaka za Ijumaa, futari za Ramadhani na michango ya makanisani vinalithibitisha hilo. Tatizo ni kwamba mtoaji mara nyingi huwa amekwisha kuamua anayepewa ni mtu wa namna gani na anahitaji nini, kabla hata ya kumsalimu. Maamuzi hayo ya haraka yamejengwa juu ya dhana kadhaa ambazo hazilingani na hali halisi.

"Asiye na makazi ni ombaomba, na ombaomba hana makazi."

Hawa ni watu wa makundi mawili, ingawa wapo walio katika yote mawili. Wengi wa wanaopita duka kwa duka siku ya Ijumaa wana mahali pa kurudi jioni, iwe chumba cha kupanga pembezoni mwa mji au nyumba kijijini. Kwa upande mwingine, wengi wanaolala nje hawanyooshi mkono kwa mtu yeyote: wanabeba mizigo sokoni, wanaosha magari, wanaokota chupa za plastiki na vyuma chakavu, au wamekuja mjini baada ya mavuno kutafuta kibarua ambacho malipo yake hayatoshi kulipia chakula na kodi kwa pamoja. Mtu wa namna hii haonekani kwa macho ya anayetafuta pa kutoa sadaka, kwa sababu mchana anafanana na mfanyakazi mwingine yeyote. Ndiyo maana pia ile kauli kwamba kumsaidia asiye na makazi ni kumlea uvivu haina mashiko. Kulala kwa vipande, kuamshwa alfajiri kabla mwenye duka hajafika, kisha kubeba magunia mchana kutwa, ni kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza kwa wiki nzima.

"Kuomba ni mila ya Wagogo."

Dhana hii imeenea mno, hasa Dar es Salaam, na inasemwa kwa utani kiasi kwamba watu wameacha kuona ubaya wake. Wagogo ni wafugaji na wakulima wa uwele na mtama katika nchi kame. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yake kwa mwaka ni takribani milimita 550 hadi 600, nayo haina uhakika. Mvua ikikatika Februari, mazao yaliyokwisha kuchipua hukauka shambani, na kaya ambayo ghala lake lilikuwa limekaribia kwisha hulazimika kuuza mifugo kwa bei ya hasara au kumtuma mmoja wao aende mjini. Historia nayo ina sehemu yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na nguvukazi ya Ugogo. Ukame ulipofuata, watu hawakuwa na akiba yoyote, na ikatokea njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliyoua maelfu ya watu na kuwatawanya wengine wengi. Watu walioporwa akiba yao na kisha kunyimwa mvua hawakuhama kwa sababu ya mila. Kinachofanana na mila, kama tunataka kulitumia neno hilo, ni uzoefu wa vizazi kadhaa wa kuokoa kaya kwa kuondoka.

Kujua jambo hili kuna faida kwa mtoaji pia. Miezi ya njaa ni ile inayotangulia mavuno, yaani Januari hadi Machi, na si lazima iwe mwezi wa sikukuu ambao sisi tumeuchagua kwa kutoa.

"Ukimpa fedha, zitaishia kwenye pombe."

Hii ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi zaidi na mtu ambaye hataki kutoa, na kwa bahati nzuri ni dhana ambayo imechunguzwa, tena karibu kabisa na hapa. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza majaribio ya kuhawilisha fedha kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na Chamwino ni jirani yetu. Vijiji 80 vilihusishwa: 40 vilichaguliwa bila upendeleo kupokea ruzuku, na 40 vikabaki kuwa vya kulinganishia. Tathmini ilionyesha kwamba kaya zilizopokea fedha ziliongeza mifugo, ziliwanunulia watoto viatu, na zilitumia zaidi bima ya afya kulipia matibabu. Hayo ndiyo waliyoyachagua watu ambao jirani zao pengine waliamini wangekunywa kila walichopewa.

Msomaji makini atasema kwamba hao walikuwa na nyumba, na hoja yake ni ya haki. Nchini Kanada, katika jiji la Vancouver, watafiti waliwapa watu wasio na makazi dola 7,500 za nchi hiyo kwa mkupuo mmoja, bila masharti, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba katika mwaka uliofuata waliopewa walikaa bila makazi kwa siku chache kuliko wenzao na hawakuongeza matumizi ya pombe wala dawa za kulevya. Ni lazima ielezwe kwamba utafiti huo uliwaacha nje watu wenye uraibu mkubwa na matatizo makubwa ya akili, kwa hiyo hautuambii lolote kuhusu hao. Kinachothibitika ni kwamba mtu kukosa nyumba hakumfanyi ashindwe kujua matumizi bora ya fedha zake.

Kwa yule ambaye kweli ametawaliwa na pombe, ipo njia rahisi: mlipe mama lishe wa jirani gharama ya sahani kadhaa mapema, kisha mwambie mhusika kwamba chakula chake kipo pale kila atakapofika. Mama lishe atafurahi, mlaji ataketi kwenye benchi kama wateja wengine, na hakuna atakayelazimika kuomba. Jambo moja la kiafya linafaa kuongezwa hapa, kwa sababu wengi hulifanyia masihara: mlevi wa muda mrefu anayelazimishwa kuacha pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, hivyo sharti la kwamba "acha kwanza ndipo nikusaidie" linaweza kuwa na madhara kuliko anavyodhani anayelitoa.

"Mabaki ya sherehe ni chakula, kwa nini yatupwe?"

Nia ni njema, lakini hapa tunapaswa kuwa wakali. Pilau iliyopikwa asubuhi, ikakaa ukumbini mchana kutwa katika joto, kisha ikafungwa na kupelekwa stendi usiku wa manane, inaweza kuwa sumu. Wali ni hatari kwa namna ya pekee kwa sababu bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha viiniyoga vyake, yaani vijimbegu vinavyostahimili joto, vikiwa hai hata baada ya mchele kuiva. Chakula kikipoa taratibu, viiniyoga hivyo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa moto. Ushauri unaokubalika ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Mwenye nyumba akiharisha ana choo, maji na kitanda. Anayelala kibarazani ana choo cha kulipia ambacho huenda kimefungwa usiku huo, na pengine hana hata shilingi za kuingilia. Wenye sherehe wanaotaka kutoa wanaweza kutenga sehemu ya chakula tangu kinapotoka jikoni, kikapelekwa kingali cha moto kabla wageni hawajaanza kula. Pengine jambo hilo litamshangaza mshereheshaji, lakini atalizoea.

Kuhusu nguo, inatosha kusema kwamba Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwamba usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14 pamoja na upepo mkavu, na kwamba katika miezi hiyo shuka zito na soksi vina thamani kuliko rundo la fulana.

"Wale ni wagonjwa waliotoroka Mirembe."

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, imelipatia jiji letu huduma kubwa na wakati huohuo imelipatia masihara mengi yasiyo na huruma. Mirembe hupokea wagonjwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi, huwatibu na kuwaruhusu warudi kwao. Wapo ambao ndugu zao hawaji tena kuwachukua, au ambao dawa zikiisha hawana wa kuwakumbusha, na baadhi yao huishia mtaani. Lakini wengi wa wanaolala nje hawana ugonjwa wa akili, na baadhi ya wanaoonekana wamechanganyikiwa wamefikishwa hapo na kukosa usingizi, njaa na hofu ya kupigwa. Hata kwa walio wagonjwa kweli, ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba wao hufanyiwa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wanavyoufanya. Mzee anayezungumza peke yake bado ni mzee, na shikamoo yake haijafutwa. Msalimie kwa sauti ya kawaida, simama mahali ambapo hajihisi amezibiwa njia, na akihitaji matibabu mjulishe afisa ustawi wa jamii wa kata au wa hospitali badala ya kuwaita vijana wamkamate.

"Mtoto akiomba, sarafu yoyote ni msaada."

Katika suala hili, kwa maoni yangu, wema wa haraka unaweza kudhuru. Mtoto anayepata fedha kirahisi kuliko mtu mzima huwa chombo cha kipato cha mtu mwingine, na kadiri anavyopata ndivyo anavyozidi kurudishwa barabarani. Wengine hununua gundi ya kunusa ili wasihisi njaa na baridi. Chakula anachokila ukiwa naye ni salama zaidi, na mazungumzo mafupi kuhusu alikotoka ni muhimu vilevile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozwi malipo. Kumpiga mtoto huyo picha na kuisambaza ili watu wachangie hakumo katika orodha ya wema, hata kama michango itapatikana.

"Kuzurura ni kosa, kwa hiyo kumsaidia ni kumlinda mkosaji."

Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni imekuwa na vifungu dhidi ya uzururaji. Hata hivyo, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali aliyo nayo badala ya kitendo alichokifanya.

"Msaada wangu ni mdogo, hautabadili chochote."

Mara nyingi mtu asiye na makazi amekwama kwa sababu ya kitu kidogo mno, ambacho mwenye nyumba hakioni kwa kuwa anacho. Simu yake imezima na hana pa kuichaji, na mwajiri aliyeahidi kibarua hampati. Hana pa kuhifadhi kitambulisho, kikaibwa pamoja na begi. Hana pa kuoga kabla ya kwenda kuomba kazi. Kizito kuliko vyote ni barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ambayo huhitajika ili kuandikishwa kitambulisho cha taifa na kwa kawaida huulizwa mtu anapoomba msamaha wa gharama za matibabu. Asiye na nyumba hana mtaa, na asiye na mtaa hana mwenyekiti wa kumwandikia. Mwenyekiti hawezi kumtambulisha mtu asiyemfahamu, lakini mwenye duka ambaye mtu huyo hulala kibarazani kwake mwaka mzima anamfahamu, na anaweza kufuatana naye ofisini asubuhi moja akaeleza hivyo.