Hakuna Aliyeficha Dosye Yako

Juma lililopita, kabla hata sijafungua kabati la madaftari, mama mmoja aliingia ofisini, akaketi bila kukaribishwa, akaniuliza: "Papa grefye, dosye yangu mumeificha wapi, na yule mwenzangu amewapa ngapi?" Swali hilo nimelisikia kwa miaka yote niliyoitumikia mahakama hapa Lubumbashi kama grefye, yaani karani wa mahakama, kutoka kwa wachuuzi wa mtaa wetu wa Kenya, walimu wa mtaa wa Katuba, na hata mchungaji mmoja aliyeliuliza kwa upole baada ya ibada, nami nimechoka kulijibu mlangoni kwa mtu mmoja mmoja. Dosye ya mama yule, yaani jalada la kesi yake, ilikuwa juu ya meza yangu, angeweza kuigusa kwa mkono. Haikufichwa. Ilikosa siku moja tu.

Mdaiwa wake alipelekewa wito Jumanne tarehe 4, na kesi ikapangwa kusikilizwa Jumatano tarehe 12. Mama alihesabu kwa vidole, akapata siku nane, nami sikumlaumu, kwa sababu aliyeipanga tarehe hiyo, kijana wangu wa ofisini, alihesabu vivyo hivyo. Lakini dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, ambayo ndiyo tunayoifuata mpaka leo katika kesi za madai, inataka siku nane kamili kati ya wito na kufika mbele ya mahakama, yaani siku ya kupokea wito haihesabiwi, wala siku ya kusikilizwa haihesabiwi. Toka tarehe 5 hadi tarehe 11 ni siku saba. Mdaiwa hakutokea, jaji akaitazama hati, akaahirisha. Laiti mdaiwa angekuja mwenyewe na kukubali kusikilizwa, kasoro hiyo ingefunikwa na hakuna ambaye angeizungumzia. Lakini hakuja, na mahakama haiwezi kumhukumu mtu ambaye haikumpa muda aliopewa na sheria.

Mwitwa akiwa mbali, siku moja inaongezwa kwa kila kilomita 100. Kolwezi ni kama kilomita 300, basi ongeza siku tatu. Likasi ni kilomita 120 hivi, na hapo ndipo ninapokiri kwamba kilomita 20 zinazobaki zimenisumbua: mimi huongeza siku mbili, kwa kuwa siku ya ziada haijawahi kuivunja kesi, ilhali siku iliyopungua nimeiona ikiivunja mara nyingi. Wenzangu wengine huongeza moja tu na kuniita mwoga.

Jambo linalonikera zaidi, hata hivyo, si hesabu. Ni jina la yule aliyepokea karatasi.

Huisye, yaani mpeleka hati wa mahakama, asipomkuta mwitwa nyumbani, sheria inamruhusu kuacha nakala kwa ndugu wa damu au wa ndoa, kwa mwajiri au mtumishi wa mwitwa, au kwa jirani, mradi aandike ni nani hasa aliyeipokea na ana uhusiano gani na mwitwa. Inaonekana rahisi mpaka ufike mtaa wa Ruashi saa nne asubuhi, ukabishe mlango, na kijana akuambie, "Miye ni mdogo wake." Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, mdogo anaweza kuwa mtoto wa mama mmoja, au mtoto wa shangazi, au kijana wa kijiji kimoja aliyekuja kutafuta kazi ya mgodi, au mpangaji wa chumba cha nyuma anayemheshimu mwenye nyumba. Huisye, ambaye hati yake ni ya Kifaransa, anaandika "frère", yaani kaka au mdogo wa kuzaliwa naye, anaweka saini, anarudi mjini akiwa ameridhika kabisa. Siku ya kusikilizwa, avoka, yaani wakili, wa upande wa pili anasimama, anarekebisha joho lake, na kuieleza mahakama kwamba mteja wake ni mtoto wa pekee. Kesi inarudi ofisini kwangu, siku nane zinaanza upya, na mwenye kesi anakwenda kuwaambia majirani zake kwamba grefye amekula pesa.

Nimewaagiza mahuisye wangu waulize maswali matatu na kuyaandika kwanza kwa Kiswahili katika daftari la mfukoni, kabla ya kugusa hati yenyewe: jina lako kamili ni nani, unalala hapa au umekuja kutembea, baba yako na baba wa mwitwa wanahusianaje. Kijana akishindwa swali la tatu, basi aandikwe jirani. Wengi hawapendi neno hilo, kana kwamba wito uliopokelewa na jirani ni wito wa daraja la chini, wakati sheria inalikubali waziwazi na hakuna avoka anayeweza kulikanusha kwa cheti cha kuzaliwa. Vilevile mtu akikataa kutia saini, andika kwamba amekataa, umalize, usibishane naye uani mpaka mbwa wafunguliwe.

Kuhusu kesi za jinai nitasema machache. Dosye yenye namba ya RMP, ya daftari la waendesha mashtaka, bado iko parke, yaani ofisini kwao, na mimi siwezi kuipata kwa sababu haijawahi kuja kwangu. Itakapopewa namba ya RP, ya daftari la kesi za jinai la mahakama, ndipo uje kunigombeza.

Watu huniambia pia kwamba wazembe waondolewe: "Rais wa mahakama si awafukuze tu?" Rais wa mahakama anaipanga kazi, anaamua nani aketi na nani siku gani, na anaweza kutoa onyo, lakini majaji wako chini ya Baraza Kuu la Mahakimu, na sisi magrefye na mahuisye ni watumishi wa serikali chini ya Wizara ya Haki, ambao hawafukuzwi kwa hasira ya asubuhi moja. Zaidi ya hayo, baadhi ya vijana ninaowatuma Ruashi na Annexe wamengoja mshahara wa serikali kwa miaka, hawana hata namba ya utumishi, wanakuja kazini wakitumaini kuandikishwa. Nitamwadhibu vipi mtu kwa kumkata mshahara ambao hajawahi kuupata? Ninachoweza ni kumpangia kazi vizuri: asiyejua kuhesabu siku hapangi tarehe, na mwenye mwandiko unaosomeka ndiye anayeshika plumitifu, daftari la kumbukumbu za kikao, kwa sababu mahakama haiwezi kuketi bila grefye na yasiyoandikwa humo ni kama hayakusemwa. Siku ambayo magrefye wawili walikwenda matanga ya familia moja, niliketi mwenyewe tangu asubuhi hadi saa tisa, na barua zangu zote zikalala.

Sasa niseme yale ambayo hayasemwi katika mafunzo. Huisye hana gari wala mafuta, na mara nyingi mwenye kesi ndiye anayelipa taksi. Nimeruhusu hivyo, kwa sharti kwamba kiasi kiandikwe katika daftari langu mbele ya wote wawili, ili taksi ya kwenda Katuba isigeuke kuwa taksi ya kwenda Kinshasa. Lakini asiye na nauli, wito wake unangoja mpaka kupatikane safari nyingine ya upande huo, na hapo mwenye pesa ametangulia bila mtu yeyote kupokea rushwa. Sijui kama daftari langu linautibu ugonjwa huu au linaubariki.

Na kuna dosye zinazopotea kweli. Moja niliitafuta karibu majuma matatu, nikaikuta ndani ya jalada la kesi nyingine ambayo namba yake ya RC, ya daftari la kesi za madai, ilitofautiana nayo kwa tarakimu moja; nyingine sikuiona tena, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba ulikuwa uzembe tu. Ndiyo maana sikumfukuza mama yule ofisini. Nilimfungulia jalada, nikamwonyesha tarehe 4 na tarehe 12, tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Alihesabu mara mbili, akaninyamazia, kisha akauliza kama mdaiwa atapelekewa karatasi nyingine. Nikamjibu kwamba lazima, maana hakuwepo tarehe ilipotangazwa. Waliokuwepo tu ndio wanaohesabiwa kuwa wameisikia.

Huisye anakwenda kesho asubuhi, mvua isiponyesha. Tarehe mpya nimeipanga mwenyewe, na nimeongeza siku mbili juu ya zile nane.